Folda Iliyohamia Nyumba Mpya

Benchi ya Mama Awuor, muuza kahawa wa nyuma ya soko la Kibuye, ilikuwa na miguu mitatu na jiwe moja, na hakuna jambo la Kisumu lililopita bila kuamuliwa pale. Ijumaa moja mwaka wa 1993, saa saba mchana, Kageha alifika akiwa amenuna. Alikuwa karani wa ofisi ndogo ya vyama vya wavuvi, na ni yeye peke yake aliyeijua kompyuta yao. Miaka minne nyuma alinakili rekodi zote kwenye diski thelathini. Tangu hapo, kila Ijumaa alinakili yale tu yaliyobadilika wiki hiyo: kilo za samaki wa kila ufuo, mpaka Port Victoria. Diski moja ilitosha. Leo mashine ilidai ya pili, ya tatu, ikaendelea kudai. Na Jumatatu fundi wa kompyuta angekuja kuifungua na kuisafisha.

— Nini imebadilika? aliuliza Wanyonyi, fundi redio, ambaye benchi ilimwita Injinia.

— Meneja alitaka folda ya samaki ikae kwa nafasi mpya. Jana nikaihamisha. Sasa mashine inaona kila kitu ni mpya. Inataka diski thelathini, mimi niko na mbili. Na zile za kwanza siwezi kufuta.

— Hiyo ni waya, alisema Injinia. Stima ikipita kona nyingi, inasahau.

— Waya gani, omera, ndugu yangu! alidakia Ogola, mshona viatu, aliyeitwa Waziri kwa kupenda hotuba. Mashine imekasirika. Hata ng'ombe ukimhamisha zizi anakatalia maziwa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo inaingia aje hapa? aliuliza Kageha.

— Si ni folda ya samaki?

— Mimi nasema ni wale waliouza mashine, Injinia alipandisha sauti. Wako Nairobi kwa ghorofa, wanaiona kwa setilaiti. Ikihama tu, wanaanza kula diski!

Kageha hakucheka. Jasho la wavuvi la miaka minne lilikuwa mle ndani.

Mama Awuor alimmiminia kahawa.

— Nyathina, mwanangu, nilipotoka Pap Onditi kuja Nyamasaria, kanisa ya huku iliniweka darasa ya ubatizo pamoja na watoto. Eti mimi mgeni. Nikawatolea kadi yangu ya ubatizo. Nyumba ni mpya, lakini tarehe ni ya sabini na mbili! Wakanitoa darasani.

Kageha alishusha kikombe. Tarehe! Kuhama kulizipa faili alama ya upya, na mashine ilifuata alama hiyo. Lakini tarehe ambayo kila faili iliandikwa haikuguswa. Aliondoka mbio, kahawa ikifuka moshi nyuma yake.

Ofisini aliiamuru mashine isitazame alama, ichukue tu faili zilizoandikwa tangu Ijumaa iliyopita. Ikachukua kumi na moja, ikatulia. Diski moja! Kisha akashika kalamu: kwenye diski zote za nyuma akaandika "nyumba ya zamani", na kwenye hii, "nyumba mpya", ili atakayezirudisha ajue kila moja inafungukia wapi.

Jumatatu, fundi alipoifungua kompyuta, diski kuu ilikufa mikononi mwake. Meneja alishika kichwa. Kageha akavuta kiti. Diski kuu nyingine ilipowekwa, alirudisha zile za nyumba ya zamani moja baada ya nyingine, akahamisha zote kwenye nyumba mpya, akamalizia na ile ya Ijumaa. Kufikia saa kumi, hakuna hata kilo moja ya mbuta iliyokosekana.

Jioni fundi huyo, Tom, kijana wa Nairobi, alimfuata Kageha hadi kwenye benchi.

— Wazee, nimefanya kazi miji mingi. Huyu dada, nani alimfundisha? Nataka niandike kwa ripoti.

Injinia akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Mama Awuor.

Kageha alikunywa kahawa yake polepole, mgongo umenyooka.

— Kwa ripoti yako, alisema, andika tu Kageha. Herufi kubwa.