Mama Léontine na Wimbo wa Jumamosi

Tarehe 30 Juni, Mama Léontine anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika redio yetu hapa Bunia. Alifika kutoka Mahagi akaajiriwa kupiga taipu. Siku moja mtangazaji aliugua, naye akasukumwa mbele ya mikrofoni. Hakubanduka tena, wala hakumruhusu mtu kutafuna karanga karibu nayo. Jicho lake tunalijua.

Kipindi chake cha dedikasi, yaani nyimbo za kuombwa na wasikilizaji, Jumamosi saa tisa alasiri, hakikukosa wimbo mmoja: mwanamke ameachwa na mpenzi wake, lakini bado anapakua chakula cha watu wawili. Vikaratasi vya kuuomba vilitoka Mudzipela, Nizi, hata Iga Barrière. Hewani Mama alisoma majina tu: kwa Blanchard, kutoka kwa Espérance. Sokoni wauza samaki waliacha mizani wakafuta machozi.

Mwaka 2008 wakubwa wetu walitaka kuutoa. Vita vimekwisha, walisema, watu wapewe nyimbo za kucheza. Nakiri nami niliwaunga mkono, nikidhani ni mambo ya wapenzi tu. Mama akamwaga vikaratasi mezani, tukasoma yale asiyoyasema hewani. Blanchard alikuwa kaka yake Espérance. Wengine walikuwa baba, watoto, watu walioondoka wakati wa vita vile vya jirani kwa jirani wasirudi. Maiti haikuonekana, kwa hiyo matanga hayakufanyika.

“Ukilia mutu yako, jirani ataona unamutupia kosa,” alituambia. “Lakini ukilia wimbo, hakuna mwenye atakuuliza. Na yeye jirani iko analia vilevile.”

Wimbo ukabaki, na aibu ikatubakia sisi.

Yeye mwenyewe hatukumwona akilia. Mumewe, Étienne, alikwenda Iga Barrière mwaka 2003 kununua maharagwe, na hadi leo hajarudi. Tulidhani Mama ana moyo mgumu. Tulikosea sana. Sauti yake ingekatika, nani angesoma majina ya wengine? Kwa hiyo jina la Étienne hakulisoma hata mara moja.

Asante, Mama, kwa kazi na kwa uvumilivu. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na usingizi mzuri. Jumamosi ijayo Annette, uliyemfundisha mwenyewe, ndiye atakayeuweka wimbo, na jina la kwanza atakalosoma ni Étienne, kutoka kwa Léontine. Weye kaa nyumbani, fungua redio, ulie.