Kadi Inasema Amechanjwa

Kijiwe chetu kiko njia panda ya kwenda Mabira, benchi moja na birika la kahawa la Joanitha juu ya mkaa, na mimi pale huwa sikai, nasalimia napita, lakini siku ile nilikaa. Nilikuwa natoka zahanati, Placidia wangu wa miezi tisa mgongoni. Muuguzi alisema chanjo ya surua imeisha, halafu nikamwona, kwa macho yangu haya, anaandika kwenye kadi ya mtoto tarehe ya siku hiyo, kana kwamba amemchanja. Sindano hakuishika! Nikamuuliza, akanijibu, "Nenda kalalamike." Basi nikamwendea mzee Melkiory, tarishi mstaafu wa mahakama, ambaye pale wanamwita Yahusu.

— Shikamoo baba. Nataka kuandika malalamiko.

— Marahaba, mwanangu. Lete hiyo kadi. Waitu, jamani! Kaandika kitu ambacho hakukifanya?

— Ndiyo, baba.

— Chukua kalamu. Andika YAH, herufi kubwa, piga mistari miwili chini.

— Mmoja! akadakia Dastan wa bodaboda, jina lake la kijiweni Nakala. Miwili ni ya barua ya msiba.

— Barua umeandika lini wewe? Miwili!

Nikapiga miwili.

— Na tarehe? nikauliza.

— Usiweke, akasema Hagenimana, huyo ndiye Redio, hazimiki. Mwenda pole hajikwai. Ukiweka tarehe watajua ulikuwepo.

— Si nilikuwepo!

— Ndiyo hatari yenyewe.

Nikaweka tarehe. Nikaandika jina la muuguzi, saa nne asubuhi, chumba cha pili, na maneno aliyonijibu. Nakala akaanza kuhesabu kwa vidole wa kupelekewa nakala: mtendaji wa kata, mganga mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya.

— Na Umoja wa Mataifa, akasema Redio. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Huyo muuguzi ni Mkatoliki au Mlutheri? akaniuliza Nakala.

— Sijui.

— Basi weka maaskofu wote wawili.

— Na uandike kwa mkono wa kushoto, akasema Redio, wasiujue mwandiko wako.

— Lakini jina langu si lipo hapo chini?

— Nalo kwa kushoto!

Bibi mmoja alikuwa ameketi pembeni na mkungu wake wa ndizi, anasubiri usafiri. Nyirabageni, akatuambia jina lake, anatoka kijiji cha nyuma ya kilima.

— Mnaandika nini, wanangu?

Nikamweleza mbiombio. Akanyoosha mkono, akamgusa Placidia paji la uso.

— Mjukuu wangu yuko ndani na vipele siku ya tatu. Surua. Huyu wako atachanjwa lini?

Nikaisoma barua tangu juu. Yah, mistari miwili, nakala sita. Hakuna popote nilipoandika naomba mwanangu achanjwe.

— Akampeleke zahanati nyingine, akasema Yahusu.

— Watasoma kadi, Redio akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Kadi inasema amechanjwa.

Joanitha akainamisha birika juu ya kikombe cha bibi. Halikutoka tone.

Dastan akawasha pikipiki.

— Panda, mama Placidia. Haraka!

Nikapanda, barua kwapani, nikamkaza mtoto kwa kitenge.

— Haya, twende, nikamwambia.

Akageuka akanitazama.

— Twende wapi?