Askari wa Kifua cha Plasta

Nyuma ya duka la vipuri kuna benchi lenye wenyewe: Birika muuza kahawa, Wembe kinyozi, na Digrii, aliyesomea baiolojia miaka minne ili aje kukaa hapo. Wa nne ni Plasta, mwashi, mgonjwa wa TB. Kikombe chake chekundu walikitengea msumari asije akawaambukiza. Ila turubai la kuzuia upepo walilishusha wenyewe mpaka chini, wakawa wanavuta pumzi moja kama kuku wa banda moja. Wiki nzima sasa kikombe kipo, mwenyewe hayupo.

— Jana kakohoa damu, alisema Birika. Hivi hao askari wa mwili wanalinda nini?

— Wanafanya kazi, alisema Digrii. Basically, seli zinammeza mdudu. Zikishindwa kumuua zinamzunguka, zinajenga ukuta, anafungiwa humo. Anaweza kulala miaka.

— Miaka? Hata kodi halipi?

— Na zikizidisha hasira, zinaliozesha pafu lenyewe. Linatoboka.

— Ndiyo maana wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Wembe. Wamempa jembe, anachimba kifua cha watu.

— Wembe, please. Methali haihusiani hata kidogo.

— Basi wamehongwa. Askari gani anamzunguka mwizi hamshiki, halafu anabomoa nyumba ya aliyeibiwa?

— Hawajahongwa, alisema Birika huku akimimina. Ni wasomi wasio na ajira. Wamejazana kijiweni mwa mapafu, kazi kubishana.

Wembe alicheka mpaka akakohoa. Kicheko kikaishia hapo hapo. Digrii hakuwa amecheka.

Turubai likafunuliwa. Alikuwa dada yake Plasta.

— Dada, karibu kiti, alisema Birika.

— Sikai.

Akafungua mfuko. Vidonge vya wiki tatu, hata kimoja hakijaguswa.

— Nimevikuta chini ya godoro. Anasema aliambiwa hapa kwamba akishanenepa basi ukuta umesimama, vidonge vya nini tena. Daktari anauliza, nami nawauliza: nani alimwambia?

Digrii aliyakumbuka maneno yale moja moja. Aliyasema mwenyewe siku moja hapo benchini ili amshinde Wembe ubishi, na alimshinda.

Wembe akachezea kitana chake. Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Digrii. Yakashuka machicha matupu.

— Jamani, si nauliza tu, alisema dada yake Plasta.

Digrii, mwenye jibu la kila kitu, akakitazama kile kikombe chekundu msumarini.