Hapa Iko Cherehani

Tangu teksi itoke Arua nilikuwa nasahihisha moyoni Kiswahili cha abiria wawili waliokaa mbele yangu, maana dirisha langu halikufunguka na sikuwa na kazi nyingine. Mwanamume aliitwa Obitre. Watoto wake wawili walikuwa wamemlalia huku na huku, wametota jasho. Jirani yake, Poni, mama mchuuzi kutoka Sudani Kusini, alimuuliza amewatoa wapi hata wamechoka hivyo.

"Nilipeleka wao kuona mji ya zamani, yale maduka ya veranda," Obitre akasema. "Nikaonyesha wao: hapa iko cherehani ya mama yenu."

"Wakasema nini?"

"Kijana akasema, 'Baba, hapa iko friji ya soda tu.' Jua ilikuwa kali, mama. Nikanunua soda."

Mtoto alikuwa na hoja, nikajisemea.

"Na mama yao iko wapi?"

"Iko kwetu Kuluba. Tulizika yeye mwaka jana."

"Pole, baba." Poni akawatazama watoto. "Lakini sema cherehani ilikuwa. Watoto watachanganyikiwa."

Hapo hata mimi nilikubaliana naye.

Obitre alimfuta binti yake jasho kwa kiganja. "Huyu mudogo alikuwa bado ananyonya, hakumbuki hata sura yake," akasema. "Nikisema ilikuwa, nitabaki kukumbuka yeye peke yangu."

Teksi ikasimama Koboko, abiria wengine wakashuka. Konda akachungulia ndani. "Iko mutu amebaki?"

Mimi, Poni, Obitre na watoto wake tulikuwa bado tumekaa. "Iko," nikamjibu, bila kujisahihisha.