Tarehe Aliyokataa Kuiandika Karani Wetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mheshimiwa mfadhili wetu, Mzee wa Mabati, uliyeezeka wodi ya watoto. Waganga na wauguzi wenzangu. Shemeji yetu, mke wa karani anayestaafu leo. Na ninyi mliokaa karibu na mlango, ambao mmeiona hotuba hii ndefu hata kabla haijaanza: habari za mchana.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakuwahi kufika ofisi ya kodi. Huko kutoa ni tarehe, tena kuna kikomo.

Miaka tisa iliyopita, siku mbili kabla ya mwaka kwisha, Mzee alitukabidhi hundi ya kadibodi, ndefu kuliko kitanda cha mgonjwa. Wapiga picha wawili! Mimi, mganga mkuu mzima, nilishika ncha moja nikacheka mpaka magego yote yakaonekana. Hundi yenyewe, ile ya benki, ikaja tarehe nne Januari. Mzee akataka stakabadhi ya Desemba, ili sadaka yake ipunguze kodi ya mwaka uliokwisha. Karani akamjibu kwa adabu zote, "Mzee wangu, kadibodi haipokelewi benki. Umetoa leo, naandika leo."

Nani alikuja juu? Mzee? Wapi! Ni mimi. "Wewe bwana," nikamwambia, "paa linavuja, watoto wanalowa, unabishania kalenda?" Mzee akaondoka na hundi yake, nami nikamwandikia karani barua ya onyo, kali, yenye mihuri mitatu.

Wiki tatu tulikinga mvua kwa ndoo. Kisha karani huyuhuyu akamfuata Mzee dukani kwake, kwa miguu. Akamweleza kwamba hata hiyo Desemba aliyoililia isingemfaa: sheria iliruhusu sadaka ipunguze sehemu tu ya mapato ya mwaka, naye kwa sadaka zake nyingine alikuwa amekwisha kuvuka kikomo, kwa hiyo ziada yote isingempunguzia hata senti. Bora agawe: mwaka huu paa, mwakani vitanda. Mzee, usinikazie macho, watu wote hapa wanajua ulivyomkumbatia.

Paa likaja, vitanda vikaja. Onyo langu likabaki kwenye faili. Kwa sababu yake alinyimwa ukarani mkuu mara mbili, nami nikanyamaza, maana kulifuta kungenilazimu kukiri kwamba nilimtuma aandike uongo. Shemeji, nikikuona sokoni nilikuwa nabadilisha njia. Naona aibu.

Leo nimelifuta, na Bodi imekubali astaafu akiwa karani mkuu. Kaka, barua yako ya ukarani mkuu hii hapa. Nilitamani sana kuiandika tarehe ya miaka tisa iliyopita, lakini nakujua, ungeirudisha mezani kwangu. Basi ina tarehe ya leo. Nimechelewa. Nisamehe.

Asanteni kwa kunivumilia.