Mzee Mwavuli Anastaafu, na Binti Yangu Ndiye Anayeshika Kazi

Binti yangu ndiye mkuu mpya wa waongoza watalii! Haya, nimeshasema, sasa naweza kupumua na kuwasalimu: hamjambo nyote. Meneja alinionya nisianze hivyo, kwamba huu ni wasifu wa mstaafu, si tangazo la ukoo wangu. Ni kweli. Lakini kiti hakikaliwi mpaka mwenyewe anyanyuke, na anayenyanyuka ni Mzee Mwavuli, ambaye tarehe thelathini mwezi huu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kampuni yetu ya utalii.

Mtauliza kwa nini ameandika mpika chai, wakati ofisi imejaa wenye shahada. Kikaoni meneja aliuliza nani ataandika, wasomi wote wakainamia simu zao. Mimi niliinua mkono kuuliza nani hajapata chai. Nikashukuriwa kwa kujitolea. Basi mkiona sentensi inachechemea, mjue imetembea kwa miguu kutoka jikoni.

Mzee Mwavuli alianza akiwa mbeba mizigo. Alishusha mabegi ya wageni huku masikio yakiwa kwa waongozaji, jioni akaenda kusoma lugha, mpaka akapata cheti chake cha utalii akiwa tayari ni baba wa watu. Jina alilipata kwa mwavuli wa manjano anaouinua juu, mvua au jua, wageni wasimpotee. Siku moja ya mapumziko alikwenda na mwavuli wake sokoni kununua vitunguu. Kugeuka nyuma, akakuta wageni wa kampuni nyingine wamemfuata mpaka kwa muuzaji, wanavipiga picha vitunguu.

Heshima yake kubwa ni ziara ya majaribio, aliyoianzisha mwenyewe. Mwanafunzi wa utalii akija kwetu kwa mafunzo, hapewi mgeni wa kweli mpaka ashike mwavuli wa mzee, atuongoze sisi kwanza: dereva, mhasibu, mfagizi, mpika chai. Tunajifanya wageni, tunauliza ya kipuuzi, tunachelewa makusudi, na mzee anafuata nyuma kimya akitazama. Ukianguka hapo, chuo hakikupi cheti.

Zamu ya binti yangu ilipofika, miaka kadhaa iliyopita, roho ilikuwa mkononi. Ndugu zangu walikuwa wakinicheka miaka yote: ati nalipa karo mtoto akasomee kutembea! Mzee alinishauri nibaki jikoni. Mimi nikose mtihani wa mwanangu? Akanipa masharti: wewe ni mgeni, mji huu huujui, na msichana huyu humjui. Nikaapa.

Kiapo changu kilifika kona ya kwanza. Binti alipowauliza wageni jengo lile lenye saa lilikuwa nini zamani, nilijibu kabla hajafunga mdomo. Ghala! Nilijua kwa sababu alikuwa akikariri jikoni kwangu. Mbele ya posta akasita kidogo, nikamnong'oneza, kwa sauti ambayo dereva anasema ilisikika ng'ambo ya barabara. Bustanini nikamshika mpita njia mmoja, nikamweleza kwamba yule anayeongea ni wangu, na alitembea mapema kuliko watoto wote wa mtaa. Mhasibu aliziba uso. Nyuma nikamwona mzee anatikisa kichwa, nikajua: cheti cha mwanangu nakichana mwenyewe, tena kwa mdomo.

Binti akasimama. Akanijia na tabasamu la kazini, ambalo nyumbani sijawahi kupewa: "Mgeni wetu mpendwa, naona mji umekupendeza. Naomba unisaidie. Shika mwavuli huu, tangulia kidogo, uuinue juu wenzako wakuone."

Nikautwaa kwa fahari yote. Kumbe mbele kule hakuna wa kuongea naye, na mkono ukiwa juu hata umbea huishiwa pumzi. Sikutamka neno mpaka ofisini. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba hilo ni somo la mzee mwenyewe: mgeni msumbufu hafukuzwi, hupewa kazi.

Jioni alisimama mlangoni mwa jiko, akatoa hukumu. "Mama Chai, mwanao amefaulu. Kundi gumu kuliko wewe sijaliona, na sidhani litakuja." Nikalia juu ya sufuria ya maziwa. Naye akanipandisha cheo papo hapo: tangu siku ile kila mwanafunzi lazima aongoze kundi lenye mimi. Waongozaji hodari mnaowaona leo wote wamevuka mdomo wangu.

Mzee wetu, asante. Hukumpendelea binti yangu. Ungempendelea, watu wangesema cheti kimetoka kwenye birika la mama yake. Ulimwacha asimame mbele yetu peke yake, na hata leo anaposimama mbele ya wageni, hakuna wa kumtilia shaka. Nenda nyumbani ukiwa na afya, ulale mpaka uamue mwenyewe kuamka, na kila utakapopita, mlango wetu uwe wazi kwako.

Siku ya kumuaga ndiyo hiyo hiyo tarehe thelathini. Asubuhi binti yangu ataongoza kundi lake la kwanza akiwa mkuu, na mzee ameomba awe mmoja wa wageni. Mimi nimekatazwa kufuata. Basi nitakuwa uani nyuma ya ofisi napanga viti. Tunaanza saa tisa alasiri, na nyote mnatarajiwa, hata mlio likizo, Jumamosi hiyo.