Sufuria Haipigwi Ovyo

SOUDI: Haloo? Haloo! Nani huyu? Namba siijui.

SHARIFA: Namba ni ya Jérôme wa ku duka. Yangu haina unité ya kupigia. Asalam aleikum, mudogo wangu.

SOUDI: Yaya Sharifa, dada yangu! Waleikum salam. Eeh, sauti inatoka kama umo ndani ya pipa. Habari ya Kindu?

SHARIFA: Muzuri tu. Na ya Kinshasa?

SOUDI: Kazi, yaya, kazi tu. Watoto?

SHARIFA: Wazima.

SOUDI: Na shemeji? Amerudi toka Lubutu?

SHARIFA: Bado. Uko mu njia, ama umekaa?

SOUDI: Niko ku biro. Ngoja nikupe habari kabla rezo haijakata. Jana patron amenisimamisha mbele ya watu wote! Ule muchezo wetu, Kindu 2090, sasa wanaucheza mpaka Afrika ya Kusini. Unavaa miwani, unashika kile kimashine mu mukono, unajikuta —

SHARIFA: Ninaujua.

SOUDI: — unajikuta pale petu ku muto, lakini mwaka 2090, manyumba ya vioo, roboti zinatoka mu maji, na bunduki ni yako mwenyewe, unaona mpaka vidole vyako —

SHARIFA: Soudi. Ninaujua. Uko hapa.

SOUDI: Wapi hapo?

SHARIFA: Ku avenue yetu. Moussa, ule aliyekuwa anachimba madini kule Kalima, amerudi akafungua nyumba ya michezo karibu na shule. Ameweka miwani, ameweka paneli za jua. Watoto wanashinda mule, wanageuka-geuka kama kuku aliyekatwa kichwa, wanapiga vitu tusivyoviona.

SOUDI: [Anacheka.] Hata kwetu! Nilikuwa nawaambia hawa watu, Kindu haiko nyuma —

SHARIFA: Wakitoka mule, wanaendelea mu njia. Fimbo njo inageuka bunduki. Na roboti zikija, wanapiga sufuria.

[Rezo inakwaruza.]

SOUDI: Haloo? Ulisema nini?

SHARIFA: Ulisikia.

SOUDI: Aa, yaya, ni watoto. Mutoto yeyote anapiga kitu.

SHARIFA: Tatu pole, mbili haraka. Tatu pole, mbili haraka. Hiyo ni kupiga kitu?

SOUDI: Patron alitaka sauti ya kweli ya kutangaza roboti. Walijaribu siren, walijaribu ngoma, hakuna aliyeshtuka. Mimi nikawawekea ile, mara moja tu. Chumba chote kikanyamaza, yaya. Muzungu mumoja akashika kifua.

SHARIFA: Na ulimwambia nini Mama Pélagie, siku ulienda kwake kurekodi na ile telefoni yako kubwa?

SOUDI: Nilimwambia... nataka kukumbuka.

SHARIFA: Kukumbuka! Akaosha sufuria kwanza. Mama wa watu akaisugua na majivu kama vile mugeni atakula mule. Akakupigia mpaka ukatosheka. Kisha akasema nini?

SOUDI: Yaya, tafazali —

SHARIFA: Akasema nini?

SOUDI: "Haipigwi ovyo."

SHARIFA: Wakati wa vita, mutoto akiigusa bure alichapwa na kila mama wa avenue. Mimi nilichapwa. Weye ulichapwa, ukalala na njaa juu.

SOUDI: Ninakumbuka.

SHARIFA: Na ukiisikia?

SOUDI: Unajibu na yako, unatoka. Wote wanatoka. Mbona unaniuliza vile? Mama Pélagie iko muzima?

SHARIFA: Iko ku hospitali.

SOUDI: Malaria?

SHARIFA: Alhamisi, magaribi inaingia, wezi wamevunja mulango wake. Wanaume wazima, na mapanga. Ule mama hawezi tena kukimbia. Akashika sufuria.

SOUDI: Ya Rabi.

SHARIFA: Akapiga, Soudi. Akapiga, akapiga. Alipiga mpaka walipomuvunja mukono.

SOUDI: Na majirani? Masudi? Mama Yvette? Weye yaya, weye ulikuwa wapi? Pale ni ukuta moja tu —

SHARIFA: Nilikuwa ku jiko, ninatwanga majani ya sombe. Nilisikia. Nilisikia vizuri sana. Nikasema, "Watoto wa Moussa hawa, hata magaribi hawaiheshimu." Nikaendelea kutwanga.

SOUDI: Yaya...

SHARIFA: Usinililie mu sikio, mimi nimeshalia. Masudi alisikia, akafunga dirisha. Mama Yvette alisikia, akalaani watoto wa watu. Avenue nzima ilisikia. Hakuna hata mumoja aliyetoka kumusaidia Pélagie! Ule ule aliyebaki mu mulango anapiga, siku askari waliingia, na sisi tukakimbia mu majani. Weye ulikuwa ku mugongo wangu. Ulikuwa muzito, na mulio wa ile sufuria njo ulinisukuma. Ule mulio ulikuwa unaniambia, bado, bado, kimbia tu.

SOUDI: Usinikumbushe.

SHARIFA: Mbona? Si ulitaka kukumbuka?

[Rezo inakwaruza, sauti ya Soudi inakatika-katika.]

SOUDI: — najua — yaya, sikujua —

SHARIFA: Sikusikii.

SOUDI: Nilisema sikujua itafika huko!

SHARIFA: Hakuna aliyesema ulijua. Kule hospitali ananiuliza neno moja tu. "Sharifa, mbona hamukutoka?" Nimeshika ule mukono wake muzima, namuangalia. Ningemwambia nini?

SOUDI: Anajua kama ni mimi?

SHARIFA: Anakusalimia.

SOUDI: Eh?

SHARIFA: Anasema, "Mumwambie Soudi asihangaike juu yangu. Afanye kazi yake vizuri, avae nguo ya baridi mu ndege."

SOUDI: Nitaiondoa. Naingia kwa patron sasa hivi. Anifukuze, anifunge, nitaiondoa mu ule muchezo, nitaweka siren —

SHARIFA: Na mu masikio ya watoto, utaiondoa na nini? Maji yakimwagika hayazoleki, mudogo wangu.

SOUDI: Basi niambie ya kufanya. Nikuje? Nitakuja, yaya, nitamwambia mwenyewe, nimepiga magoti —

SHARIFA: Utakuja. Mimi sitakusemea. Ya kwangu nimeshamwambia. Ya sombe.

SOUDI: Akasema nini?

SHARIFA: Akageuka akaangalia ukuta.

SOUDI: Wiki hii ninakuja. Wallahi.

SHARIFA: Na kuna neno ingine. Wamama wamekutana kwa Yvette, pamoja na wazee wa musikiti na wa misa. Ile alama ya zamani imekufa, tumeizika. Tumechagua ingine. Leo jioni tunaanza kujifunza, nyumba kwa nyumba. Hata Moussa amefunga milango yake leo, watoto nao wafundishwe, hata na fimbo zao mu mukono.

SOUDI: Njo muzuri, yaya. Hapo mumefanya vizuri. Kweli, nimepumua kidogo.

[Mbali, mulio wa chuma. Kisha mwingine, karibu zaidi.]

SOUDI: Aa! Na hawa watoto, hata sasa hawatulii?

SHARIFA: Umesema nini?

SOUDI: Nimesema... 

SHARIFA: Hata weye.

SOUDI: Ni mazoea, yaya! Imenitoka tu! Subiri — njo ile mupya? Njo yenyewe? Si sawa na ya kwanza, inaanza na — ah, rezo hii! Sogeza simu ku dirisha, yaya. Sogeza nisikie. Inapigwaje?

[Ubao unagonga ubao.]

SOUDI: Haloo? Imekatika? Sisikii kitu tena.

SHARIFA: Haijakatika. Nimefunga dirisha.

SOUDI: Yaya.

SHARIFA: Walisema afundishwe kila muntu, hata mugeni wa kulala siku moja. "Soudi hapana." Na mimi nilinyoosha mukono pamoja nao.

SOUDI: Nimezaliwa mu ile avenue!

SHARIFA: Ninajua. Mimi njo nilikubeba.

SOUDI: Na nikikuja? Nikilala kwako, na ikapigwa ya kweli, mimi nitajuaje?

SHARIFA: Utatuangalia sisi. Ukituona tunatoka, utoke.

[Tiii. Tiii.]

SOUDI: Yaya, usikate —

SHARIFA: Si mimi, ni unité ya Jérôme. Mama Yvette ananiita kule inje, wote wameshajibu, nyumba yangu tu imebaki. Sufuria yangu iko wapi... Salamu mingi, Soudi. Usisahau nguo ya bari —

[Simu imekatika.]

SOUDI: Haloo?